Simba afunguliwe kamba lini? Jibu kwa msomaji wa Kent, Washington

Swali, kwa ufupi: "Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume anayeitwa Simba, wa miezi 10, mchanganyiko wa German Shepherd na Labrador, niliyepewa na mfanyakazi mwenzangu. Hajahasiwa. Tunaishi Kent katika nyumba ya kupanga isiyo na uwanja, na hata nikimtembeza kwa kamba saa nzima anarudi bado ana nguvu za kuvunja viti. Majirani wananishauri nimpeleke kwenye bustani ambako mbwa huachiwa huru. Nimefika getini mara mbili nikageuza gari, maana nimekulia Mwanza, na kwa akili yangu kundi la mbwa wasiofungwa ni jambo la kukimbia. Nianzie wapi? Mwanangu wa miaka 6 anaweza kuingia naye? Na mama mkwe wangu wa Tanga, mtu wa swala tano, anakuja kukaa nasi miezi mitatu. Nifanyeje mbwa akirudi amelambwa na wenzake?"

Marahaba, dada yangu. Kugeuza gari mara mbili hakukuwa uoga wa bure, na ningependa tuanze hapo kabla ya kufika kwa Simba mwenyewe.

Sisi tuliokulia nyumbani tulimjua mbwa wa aina mbili. Wa kwanza ni yule wa nyuma ya geti lililoandikwa "Mbwa Mkali", anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, ambaye kazi yake ni kutomzoea mtu. Wa pili ni yule wa mtaani asiyejulikana ana chanjo au hana, na huyo tulifundishwa kumwogopa kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mara huishia kifo, na ambao Afrika Mashariki huletwa zaidi na kuumwa na mbwa. Huko Washington hali ni tofauti: kumchanja mbwa dhidi ya kichaa ni sharti la jimbo zima, na mnyama wa porini anayejulikana kubeba virusi hivyo katika jimbo hilo ni popo. Kwa hiyo hofu yako ilikufaa pale ulipojifunzia. Katika bustani hizi hatari ni nyingine, ndogo zaidi kwa maisha yako lakini ya kweli kwa Simba, nayo inategemea sana kama wewe mwenyewe unaweza kusoma mwili wa mbwa. Nitakaa zaidi kwenye jambo hilo, kwa sababu wenye mbwa wengi ninaokutana nao wanajua kanuni zote zilizobandikwa getini na bado hawaoni kinachotokea mita tano mbele yao.

Bustani za namna hii zilizaliwa kutokana na sheria za mijini zinazotaka mbwa awe amefungwa kamba akiwa nje. Ile ya Ohlone mjini Berkeley, California, iliyoanza 1979, hutajwa kuwa ya kwanza nchini Marekani. Wewe umebahatika kwa mahali unapoishi. Karibu nawe kabisa ipo Grandview, upande wa SeaTac, juu ya kilima kinachotazama bonde la Kent, yenye zaidi ya ekari 30. Upande wa Redmond ipo Marymoor, yenye ekari 40 hivi na njia zinazoteremka hadi Mto Sammamish, na ndani ya Seattle ipo Magnuson, inayofika hadi ufukwe wa Ziwa Washington na yenye sehemu ya pekee kwa mbwa wadogo na wale wenye haya. Ninakutajia ukubwa kwa makusudi. Katika uwanja mdogo wa kokoto wenye mbwa 15 hakuna pa kukwepa, na mbwa kijana aliyebanwa hujifunza haraka kwamba njia ya kupata nafasi ni kuonyesha meno. Katika eneo kubwa mbwa wawili wasiopatana hupishana tu, kila mmoja akashika njia yake. Kwa Simba, anza na Grandview.

Lakini usianze wiki hii. Mbwa asiyekuja anapoitwa hana ruhusa ya kufunguliwa kamba mahali penye mbwa wengine, hata kama uzio ni mrefu. Nunua kamba ya mita 10, umfunge kwenye mkanda wa kifuani na si shingoni, kisha uende naye mahali patulivu mara mbili kwa siku. Mwite mara moja tu kwa sauti ya furaha, na akifika mpe kipande kidogo cha kuku aliyechemshwa, halafu mwache aendelee na mambo yake. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mbwa anayeitwa pale tu mchezo unapokwisha huona neno "njoo" kuwa ni adhabu, na baada ya siku chache hulikimbia. Mwite mara tisa na kumwachia tena, na mara ya kumi ndiyo umfunge muondoke. Na umwite kwa Kiswahili, dada. Bustani nzima itakuwa inapaza amri zilezile za Kiingereza, na mbwa husikia maneno ambayo watu 20 wanayasema kwa wakati mmoja hadi yanapoteza maana, lakini "Simba, njoo!" litakuwa lako peke yako. Ukimwita Simba wakati mbwa mwingine yuko umbali wa mita 20 hivi, naye Simba akageuka na kukujia katika mara nane kati ya kumi, hapo mko tayari. Kwa mbwa wa umri wake huchukua wiki tatu hadi sita, na ukiona zimepita bila mafanikio, mtafute mkufunzi anayefundisha kwa zawadi.

Katika muda huohuo maliza ya kitabibu. Hakikisha ana leseni na kibati chake kiko shingoni, na kwamba chanjo zake za kichaa, na za distempa na pavo (magonjwa mawili ya virusi yanayoweza kumwua mbwa), hazijapitwa na wakati. Mwombe daktari wake amchanje pia dhidi ya kikohozi cha mbwa, kinachoenea popote mbwa wanapokutanisha pua, na dhidi ya leptospira, bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wa porini na kuishi kwenye madimbwi; leptospira humpata na binadamu, hivyo chanjo hiyo inailinda nyumba yako yote. Chukua maji yako na bakuli lako, ili asinywe kwenye madimbwi wala kwenye ndoo ya wote, ambako vijidudu vya giardia hupatikana kwa urahisi. Suala la kuhasi lizungumze na daktari huyohuyo, kwa kuwa kwa mbwa wa mwili mkubwa muda unaofaa hutegemea viungo vyake. Jua tu kwamba katika umri wa miezi 10 harufu ya Simba imeanza kuwaambia madume wengine kuwa amekuwa mtu mzima, na wapo watakaomjaribu hata kama yeye anataka mchezo tu.

Kuna ugonjwa mmoja wa huko ambao lazima nikutajie peke yake, kwa sababu mtu wa Kanda ya Ziwa hatautegemea. Nyumbani tulimtupia mbwa matumbo ya sato akala, na hapakuwa na neno. Magharibi mwa Washington samaki wabichi wa jamii ya salmoni na trauti wanaweza kubeba mnyoo bapa mdogo unaotokana na konokono wa mitoni, na ndani ya mnyoo huo huishi bakteria ambao humwua mbwa. Mbwa huanza kuumwa takribani wiki moja baada ya kula: homa, kukataa chakula, kutapika, kuhara, na tezi za shingoni kuvimba. Asipotibiwa, uwezekano wa kufa hufika hadi asilimia 90; akitibiwa mapema kwa antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini pamoja na dawa ya minyoo, hupona vizuri. Katika majira ya vuli samaki hao hupanda mtoni kutaga, hufa, na mizoga yao hubaki kingoni. Ukifika Marymoor katika miezi hiyo, usimwachie Simba ufukweni, na akiugua baada ya matembezi mwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa karibu na mto wenye samaki. Wakati wa kiangazi tazama pia vibao vya onyo la mwani wenye sumu kwenye maziwa. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, asiyaguse.

Sasa siku yenyewe. Mara ya kwanza nenda bila Simba. Simama nje ya uzio nusu saa, bila haraka, utazame. Nakuomba usiruke hatua hii hata ukiona haya kusimama peke yako, kwa maana hapo ndipo macho yako yatafunguka na hofu itapungua.

Mbwa wanaocheza vizuri wana mwili laini, unaopinda. Utamwona mmoja akishusha kifua chini na kuacha makalio juu, huo ukiwa mwaliko wa mchezo, kisha akitoka mbio huku akitazama nyuma kama mtoto anayetaka kukimbizwa. Muhimu zaidi ni kupokezana: aliyekuwa akifukuza hugeuka akafukuzwa, aliyekuwa juu hujilaza chini kwa hiari yake, na kila baada ya muda wote wawili husimama, hujikung'uta kana kwamba wametoka majini, ndipo huendelea. Mchezo usio na vituo ndio unaonitia shaka. Mmoja akiwa anafukuza tu, na mwingine amekunja mkia tumboni na kukimbilia miguuni mwa mwenyewe au chini ya benchi, huo si mchezo tena hata kama mwenye mbwa anayefukuza anacheka. Ukiwa na mashaka, mshike Simba kwa sekunde chache umtazame yule mwingine. Akirudi mwenyewe kumtafuta Simba, walikuwa wakicheza. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, alikuwa akiteswa, na kazi yako ni kumpeleka Simba kwingine.

Dalili za hatari huwa tulivu kuliko watu wanavyodhani. Mngurumo na kelele mara nyingi ni sehemu ya mchezo. Kinachonifanya mimi nichukue kamba ni ukimya na kukakamaa: mbwa anayesimama kama kinyago, mdomo umefungwa, shingo imenyooka, akimkodolea mwenzake macho. Mkia unaotikiswa hautoshi kuwa ushahidi wa furaha, kwani mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotetemeka kwa haraka ni onyo. Mbwa mwenye hofu hugeuza uso pembeni lakini macho yake yakabaki kukutazama, hata weupe wa jicho ukaonekana pembeni kama mwezi mwandamo. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula, na hupiga miayo bila usingizi. Manyoya ya mgongoni kusimama peke yake si shari, maana hata msisimko huyasimamisha, ila yakiambatana na kukakamaa usingoje. Katika hali zote hizi usipige kelele. Mwite Simba kwa sauti ileile ya kuku aliyechemshwa, huku ukitembea kuelekea upande mwingine.

Siku utakayokwenda naye, chagua katikati ya wiki, saa nne au saa tano asubuhi. Epuka jioni baada ya saa za kazi na asubuhi za Jumamosi na Jumapili, ambapo mbwa hujaa na wengi wao wamefungiwa ndani kutwa. Mtembeze kwanza dakika 15 nje kwa kamba, ili asiingie akiwa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Sehemu ngumu kuliko zote ni getini. Mbwa waliomo ndani hukimbilia kila mgeni, na Simba atajikuta amezungukwa na pua kumi kabla hajajua yuko wapi. Geti likiwa na watu wengi, ngoja nje hadi watawanyike, hakuna anayekukimbiza. Bustani nyingi zina mageti mawili yenye kichumba katikati. Ukishaingia humo na kufunga geti la nje, mvue kamba, ndipo ufungue la ndani. Wanaoanza hutaka kumwingiza akiwa bado amefungwa ili "azoee" kwanza, na hilo ni kosa, kwa kuwa mbwa aliyefungwa kati ya walio huru anajua hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia hujitetea kwa kuuma. Kamba yenyewe ikae mkononi au shingoni mwako muda wote.

Ukishaingia, tembea. Wenye mbwa wanaosimama kwa kikundi wakipiga soga ndio ambao mbwa wao hukusanyika na kugombana, kwani mbwa hukaa karibu na mwenyewe. Ukizunguka bustani, Simba atakufuata, atanusa, atakutana na mmoja na kumwacha, naye atarudi kukuangalia. Usiingie na mpira wala chakula, isipokuwa vipande vidogo vilivyofichwa mfukoni, na hata hivyo usivitoe mbwa wengine wakiwa miguuni. Zoa kinyesi chake papo hapo. Dakika 20 zinatosha kwa mara ya kwanza. Muondoke akiwa bado anafurahia, kwa sababu mbwa aliyechoka, sawa na mtoto aliyechoka, huwa na hasira fupi.

Wakipigana, usitie mkono kati ya vichwa viwili wala kushika mkanda wa shingoni. Majeraha mengi ya mikononi kwa wenye mbwa hutokea hivyo. Mwaga maji ya chupa yako usoni mwao, au piga kelele kubwa ya ghafla. Ikishindikana, na kila mbwa ana mtu wake, kila mmoja amshike wake miguu ya nyuma na kumrudisha kinyumenyume kwa wakati mmoja, akiendelea kumvuta ili asipate kugeuka. Kisha wafungeni kamba, mpeane namba za simu, na mtoke. Sheria ya Washington humfanya mwenye mbwa awajibike mbwa wake anapomng'ata mtu mahali pa umma, hata kama mbwa huyo hajawahi kung'ata kabla, kwa hiyo usikubali wala kutoa jibu la "huwa hafanyi hivi" kana kwamba linafunga mjadala.

Na mpekue mwili mzima. Niliwahi kuletewa jike mdogo wa kahawia siku tatu baada ya ugomvi katika bustani moja. Mwenyewe alikuwa ameona vitone viwili tu vya damu kifuani, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mchele, akavifuta kwa pamba na kuridhika. Niliponyoa manyoya, ngozi yote kati ya vitone vile ilikuwa imejitenga na nyama kama ganda la chungwa lililolegea, na chini yake palikuwa na usaha wa kujaza kikombe cha kahawa. Jino la mbwa huingia kwa tundu dogo, kisha anapotikisa kichwa huchana kwa ndani. Tundu lolote, hata liwe dogo namna gani, lifike kwa daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu mwanao, jibu langu ni hapana kwa miezi ya mwanzo. Uso wa mtoto wa miaka 6 uko karibu na mdomo wa mbwa mkubwa, na mtoto akishtuka hukimbia na kupiga ukelele, jambo ambalo kwa mbwa aliyesisimka ni mwaliko wa kumfukuza. Isitoshe, huwezi kumsoma Simba na kumlinda mtoto kwa wakati mmoja. Mfundishe nyumbani kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, kimya, hadi mbwa apoteze hamu. Hilo pia ni la kwako. Tulifundishwa kuinama na kuokota jiwe, na mbwa wa kwetu alikimbia kwa kuona tu mgongo umeinama. Huko ukiinama kwa ishara hiyo utawatisha mbwa wasioijua na kuwatibua wenye mbwa hao.

Kwa mama mkwe, mambo ya twahara na najisi yana wenyewe, na sheikh wa msikiti wa karibu atamjibu vizuri kuliko mimi. Kwa kuwa watu wa pwani wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo, mpunguzie mzigo huo kabla hajafika. Weka koti na viatu vya bustani nje ya mlango, na mwoshe Simba miguu na kifua kwa maji ya uvuguvugu kabla hajaingia. Chumba cha mgeni kifungwe ili Simba asikanyage kamwe, na mswala wa mama na vyombo vyake viwe vya peke yake. Mwambie haya mapema kwa simu, ili asafiri akijua ameandaliwa mahali safi.

Neno la mwisho linamhusu Simba. Ukimfundisha, ukaenda mara tatu au nne kwa utaratibu huu, na kila mara akabaki miguuni mwako amekunja mkia, au akawa ndiye anayewatesa wengine, acha kwenda. Wako mbwa wengi wenye afya na furaha wasiohitaji kundi. Kwa hao kamba ya mita 10 porini, rafiki mmoja wa kutembea naye, na dakika 15 za kutafuta vipande vya chakula vilivyofichwa ndani ya nyumba huchosha akili kuliko saa nzima ya kukimbia. Niandikie baada ya ziara yako ile ya kwanza ya kusimama nje ya uzio, unieleze ulichokiona.